Mistari ya Oili kwenye Sakafu ya Mama Mashine

"Mkisikia redio imeitaja Ifakara, msiulize nani kafa. Jueni nimetajwa mimi."

Polycarp aliyasema hayo akining'inia kwenye mlango wa behewa la Tazara, stesheni ya Ifakara, mbele ya shangazi zake, nusu ya wanakwaya wa parokia, wauza ndizi, na askari mmoja wa reli ambaye hakuwa amemwuliza kitu. Ulikuwa mwaka wa themanini, naye alikuwa na miaka kumi na tisa. Suruali yake iliishia katikati ya muundi, wala haukuwa mtindo. Ifakara nzima haikuwa na suruali ya kumfikia mtu yule kwenye kifundo. Watu walipiga makofi. Mama yake peke yake hakupiga. Yeye alimwambia aingie ndani, maana treni haijui kwamba mlangoni kuna mtu maarufu.

Majigambo yale yalikuwa na shabaha. Miaka ile redio ilikuwa ikiitaja Ifakara kwa mambo mawili tu, mafuriko na matangazo ya vifo. Polycarp alitaka kuongeza la tatu.

Namna alivyofika kwenye mlango wa behewa ni hadithi fupi kuliko yeye mwenyewe. Misheni kulikuwa na padri mmoja wa Kiswisi aliyefunga pete ya pipa juu ya nguzo ya simu iliyokosa kazi, akawaambia vijana huo nao ni mchezo. Vijana walimwitikia kwa adabu, wakarudi kwenye soka. Polycarp naye alikuwa golikipa, ila alikuwa akiruka anaumia kichwa kwenye mwamba wa goli, mpaka kocha akamwomba aende akaruke mahali pasipo na paa. Ndipo akahamia kwenye pete ya padri. Baada ya miaka michache, meneja wa shirika moja la umma la Dar es Salaam alikuja kuzika Ifakara, akamwona kijana anafunga balbu ya kanisa akiwa amesimama juu ya benchi tu, wakati mzee wa kanisa bado yuko njiani kutafuta ngazi. Meneja alimaliza msiba akiwa na matumaini mengi kuliko aliyokuja nayo.

Barua ya ajira ilisema karani wa stoo. Stoo yenyewe Polycarp aliingia siku moja tu, ile ya kuonyeshwa mlango wake. Kazi aliyolipiwa mshahara, chumba cha Keko na posho ya maziwa ilikuwa kutia mpira kwenye kikapu, na kuwazuia makarani wa stoo wa mashirika mengine wasitie. Aliifanya vizuri. Wapo watu wa Dar mpaka leo ukiwatajia mikono yake wanaacha kunywa chai. Magazeti yalimwandika, kila mara kwa jina lenye kosa jipya. Lakini redio ilikuwa mali ya soka. Kikapu kilisomwa mwishoni kabisa mwa habari za michezo, pale ambapo betri huamua kufa, na Ifakara shangazi zake walikaa miaka wakilitegea sikio sanduku lile bila kumsikia mtoto wao.

Kisha siku moja ya mwaka themanini na nane wakamsikia. Timu ilikuwa chumba cha kuvalia, fainali inakaribia, na mfagiaji alikuwa na redio yake ndogo dirishani. Mtangazaji akasoma kwa sauti ile ile aisomayo kila jioni: Polycarp wa shirika fulani, popote alipo, anaombwa afike Ifakara haraka, mama yake mzazi amefariki. Alikuwa amefunga kamba za kiatu kimoja. Akavaa cha pili, akatoka nacho hivyo hivyo bila kufunga, mpaka stesheni.

Ifakara ina watu wenye midomo ya kutafuna mtu akiwa hai, na kila mmoja wao aliyakumbuka maneno ya mlangoni pa behewa. Msibani hakuna aliyeyatamka.

Alicheza miaka mingine kadhaa. Halafu goti la kushoto likaanza kutoa mlio kama mlango wa banda, na muda si mrefu shirika nalo likabinafsishwa, neno ambalo wakati ule watu walilitamka kwa shida na kulielewa kwa haraka. Mwenye mali mpya alibaki na mitambo, akauza basi la timu, akasema stoo inahitaji karani mmoja tu, na awe yule anayejua stoo iko wapi. Kulikuwa pia na mwanamke wa Temeke aliyempenda mchezaji. Karani asiye na stoo mwanamke huyo hakumtambua.

Basi mwaka wa tisini na nne Polycarp akashuka stesheni ile ile na mpira, filimbi na goti. Hakupokewa na mtu. Muuza ndizi mmoja alimtazama kuanzia chini, akachukua muda wake mpaka akafika juu, akasema, "Kumbe ulikuwa umesafiri?"

Alifikia nyumba ya mama yake, mtaa wa Viwanja Sitini, akalala kitanda ambacho miguu ilibidi ipewe stuli yake. Na alipoamka, jambo moja tu ndilo lililokuwa kichwani: atafundisha kikapu. Tatizo lilikuwa chini. Mpira wa kikapu unataka ardhi inayorudisha, na udongo wa bonde la Kilombero ukiupa kitu unakaa nacho. Unachorudisha ni mpunga tu. Alidundisha mpira wake mbele ya soko, ukazama. Akadundisha uwanja wa shule, ukaondoka kwa upande kama mlevi. Mji mzima ulikuwa na mahali pamoja tambarare pa saruji, papana, pasipo paa. Ilikuwa sakafu ya kuanikia mpunga, kwenye mashine ya kukoboa ya Konsolata.

Jina hilo la Konsolata lilikuwa limeanza kupotea. Watu wote walimwita Mama Mashine. Alikuwa mjane wa makamo ya Polycarp, mfupi, mwenye macho ya kupima gunia kabla halijafika kwenye mizani. Sakafu ile waliijenga yeye na mumewe, karai kwa karai, yeye akichota mchanga na mumewe akipiga ripu, na marehemu alipenda makubwa, kwa hiyo ilitoka kubwa kuliko mashine yenyewe. Mwaka uliofuata marehemu akafa kwa homa. Msimu wa mavuno sakafu ilijaa mpunga wa watu. Miezi mingine yote ilikaa tupu, ikiota jua.

Polycarp alikwenda kuiomba akiwa amechomekea shati. Mama Mashine alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkaribisha kiti, pengine kwa kuona hakuna kiti kitakachomfaa. Akatoa masharti. Mpunga ukianza kuingia, mchezo unasimama. Sakafu inafagiliwa kabla na baada. Na hakuna kiatu kinachokanyaga pale, kiwe cha Dar kiwe cha Ulaya, kwa sababu pale panalala chakula. Ndivyo ilivyozaliwa timu pekee ya kikapu mkoani iliyocheza peku kwa amri. Omega, fundi wa mashine, alichomelea pete mbili za nondo, wakazisimamisha juu ya nguzo nje ya ukingo wa sakafu. Ukubwa ulikaribia ule wa kiwanja halisi. Kilichopungua, Polycarp alikisamehe.

Wavulana walikuwa kwenye soka, kama kawaida yao. Waliokuja ni wasichana, na wasichana walikuja na netiboli yao. Kwenye netiboli ukidaka mpira unaganda. Basi mwezi mzima Polycarp alifundisha watu wanaoganda. Ukimpa mtu pasi anasimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Aliyekuwa wa kwanza kuyeyuka ni Minza, binti wa Makoye, msichana wa Kisukuma aliyekaa kwa shangazi yake mjini ili asome, huku baba yake akiwa ng'ambo ya mto, kule Kivukoni, na ng'ombe na majaruba yake ya mpunga. Minza alikuwa mrefu, na ulimi wake ulikuwa mrefu zaidi. Kocha alipowaambia wateleze miguu ubavu kwa ubavu kumzuia adui, wala wasiinyanyue, wote walichanganyikiwa, wakawa kama kuku waliomwagiwa maji. Minza akauliza, "Kocha, si unataka kama kugeuza mpunga?" Akaonyesha: nyayo chini, zinaburuta, mwili umetulia, vile vile mtu anavyotembea ndani ya mpunga ulioanikwa ili uliokuwa chini upate jua. Wote waliijua kazi hiyo tangu watoto. Tangu siku ile ulinzi wa timu ile ulikuwa balaa, na Polycarp akipiga filimbi hakusema tena maneno ya Dar. Alisema, "Geuza mpunga."

Jioni Mama Mashine alikaa juu ya mizani akichambua maharage, akidai analinda sakafu yake. Sakafu haikuwa na pa kwenda. Sheria za mchezo alizielewa mapema kuliko wachezaji. Mtu akikimbia na mpira bila kudundisha, alisikika akisema taratibu kwenye ungo wake, "Huyo ametembea." Mazoezi yakiisha wasichana wanafagia, Polycarp anakaa kwenye gunia la pumba kupumzisha goti, na hapo wanaongea mpaka maharage yanaisha. Kuna siku alimwita Konsolata. Yeye aliendelea kuchambua kama hakusikia. Akakosea, akatupa harage zima na kubaki na jiwe.

Kazi hiyo ilikuwa haimlipi Polycarp, alikuwa akilima kama watu wote, lakini alikuwa na jambo alilolitaka mpaka linamnyima usingizi. Morogoro kulikuwa na mashindano ya vijana ya mkoa. Timu haiingii mpaka afisa michezo aje akague kiwanja chake na kuridhika nacho. Hakutaka tena redio imtaje. Alitaka Minza na wenzake wapande lile behewa, wasimame mlangoni, waseme upuuzi wao wenyewe.

Na kiwanja kilikosa mistari. Kila jioni alichora kwa chokaa, na kila jioni mistari ilifagiwa na timu yake mwenyewe kwa kufuata masharti. Afisa, kwa desturi ya maafisa, aliagiza kwamba atakuja baada ya Pasaka, bila kusema Pasaka ipi. Polycarp alitaka kitu kisichofutika. Ilikuwa Machi ya tisini na sita, Konsolata amesafiri kwenda Morogoro kutafuta mkanda wa mashine, na Omega akasema mbona jibu liko kwenye dumu, oili chafu aliyomwaga kutoka kwenye injini. Watu wanapaka nguzo, mchwa hagusi. Wanapaka mbao, mvua haiingii. Polycarp alivuta kamba, akapima, akapiga magoti na brashi. Alichora siku nzima kwa mkono ule ule uliokuwa ukisimamisha chai za watu wa Dar. Ilipokauka ilikuwa nyeusi na safi. Duara la katikati lilikuwa zuri kuliko mwezi, kama unapenda miezi myeusi.

Konsolata aliporudi aliizunguka sakafu nzima kwa miguu. Akauliza ni nini hii. Polycarp akasema ni rangi nyeusi tu. Hakuona kwamba amedanganya. Kweli ilikuwa nyeusi. Konsolata naye alikuwa amechoka na safari, na mistari ilikuwa mizuri, akasema sawa.

Hapa ndipo Ifakara ingemvua uraia kama ingejua mapema. Mtoto yeyote wa bonde hili anafahamu kwamba mpunga una pua. Ukiuweka karibu na mafuta ya taa, utakula mafuta ya taa. Ukiuweka na sabuni, utakula sabuni. Mama yake Polycarp aliwahi kumtandika kwa kuegesha kibatari karibu na kihenge. Lakini miaka kumi na minne ya kununua mchele dukani, umeshakobolewa na kufungwa, inamwosha mtu mengi kichwani.

Mwishoni mwa Mei mpunga ukaanza kuingia, mchezo ukasimama, sakafu ikajaa. Jua la Juni likapiga. Oili iliyokuwa imelala ndani ya saruji ikapata joto, ikaamka, ikapanda juu taratibu, punje kwa punje.

Aliyekuja ni Makoye mwenyewe, baba yake Minza. Alikuja na baiskeli, asubuhi, foleni ikiwa imejaa mpaka barabarani. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga sufuria kwa kitambaa. Polycarp alikuwepo, akisaidia kuinua magunia kama alivyofanya msimu wote, kwa kisingizio cha kwamba yeye ni mrefu. Makoye aliwasalimia watu wote, mmoja mmoja, hakuruka mtu. Kisha akaiweka sufuria juu ya mizani, akafungua.

"Mayu," akasema, kwa heshima yote ya Kisukuma, yaani mama. "Onja."

Konsolata alinawa, akatwaa tonge, akatafuna. Uso haukubadilika, akameza lote. Waliokuwa karibu hawakuhitaji kuonja, harufu iliwafikia pale walipo. Mchele wa supa, ambao hunukia kabla mgeni hajanawa mikono, ulikuwa unanukia lori.

Makoye akaeleza bila kupandisha sauti. Mwanawe Masalu alikuwa ameoa, wakwe wamekuja kutoka mbali, wamepikiwa mpunga wa mwaka huu uliokobolewa hapa. "Sina ugomvi, mayu. Ila wakwe zangu wameniuliza kama mchele nimeukoboa kwa mashine au nimeuchota kwenye tangi lake. Nimekosa jibu. Ndiyo nimekuja unipe, nikawapelekee."

Konsolata akageuka kumtazama Omega. Fundi yule injini yake haikuwahi kuvuja tangu aishike, na alijua, na Konsolata alijua. Lakini oili ni oili, na mwenye oili pale ni mmoja. Omega akamtazama Polycarp.

"Si yeye," Polycarp akasema. "Ni mistari. Niliichora kwa oili chafu."

Foleni nzima ikatazama chini, kwenye mpunga ulioanikwa, kama vile mistari itasimama ijitetee. Ukimjua Konsolata ungetegemea amrushie Polycarp hata ule ungo. Yeye alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Uliniambia rangi." Halafu akamgeukia Makoye, akamwomba radhi, akaagiza apimiwe mpunga wa kwake yeye mwenyewe, ule wa ghala la nyuma ambao haujagusa sakafu. Kabla ya adhuhuri magunia yalikuwa yanapakiwa kwenye mikokoteni na kuelekea mashine nyingine, upande wa pili wa mji. Hakuna aliyetukana. Waliaga vizuri, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mwanamke mwenye mashine asiye na wateja Juni, Julai atauza mkanda, Agosti atauza injini. Jambo hilo Polycarp hakuhitaji kuelezwa. Aliondoa mpunga uliobaki, akaanza kusugua. Alisugua kwa jivu, akasugua kwa sabuni ya unga, akasugua kwa mchanga wa Kivukoni. Wasichana walikuja bila kuitwa, wakasugua. Mistari iling'aa zaidi. Omega akapendekeza dizeli, wote wakamtazama mpaka akaondoka mwenyewe. Jua likichomoza, harufu ilikuwa pale pale.

Siku ya tatu Polycarp akaja na tindo na nyundo.

Minza ndiye aliyeona kwanza anachotaka kufanya. Akasimama juu ya mstari, peku, mikono kiunoni. Akauliza afisa akija ataona nini. Polycarp akamjibu ataona sakafu ya kuanikia mpunga. Akauliza na Morogoro je. Polycarp akakaa chini, akanyoosha lile goti bovu, akaweka tindo kwenye ncha ya mstari wa mwisho wa kiwanja, akapiga. Saruji ya marehemu ilikuwa ya mtu anayependa makubwa. Ilikuwa ngumu kweli kweli. Kipande kikatoka, cheusi mpaka ndani. Akasogea kidogo, akapiga tena. Minza akabaki amesimama pale mpaka tindo lilipofika karibu na vidole vyake. Ndipo akasogea. Akaenda kwa Omega, akarudi na nyundo yake, akakaa mwisho wa pili wa mstari huo huo. Alipiga akilia, na aliyethubutu kumtazama alipewa neno lake.

Walichimba siku baada ya siku. Polycarp alikuwa hawezi tena kukaa vizuri wala kuinuka vizuri. Alikuwa akijisogeza kwa makalio, mtu mrefu kuliko wote mjini, na mji ukipita barabarani unamtazama kwa juu. Midomo ya Ifakara ilirudi kazini. Mmoja alisema kumbe ile stoo ya Dar ilikuwa ya kokoto.

Konsolata alikuwa hajamsemesha tangu lile neno la rangi. Mchana wa siku moja, Polycarp akiwa amelifikia duara la katikati, kivuli cha Konsolata kikamwangukia. Alikuwa ameshika gunia tupu lililokunjwa mara nyingi. Akaliweka chini ya goti bovu la Polycarp, akalisukuma vizuri kama anayeweka mtoto, kisha hakuondoka. Akachuchumaa.

"Unajua kwa nini nilikupa sakafu?"

Polycarp akasema hajui.

"Mume wangu alipofariki, hapa palikuwa kimya. Msimu watu wanakuja, wanakoboa, wanaondoka. Halafu kimya. Nikawa ninafagia sakafu tupu kila siku, ninafagia nini? Wewe ulipokuja na ule mpira, nikasema bora kelele." Akaokota kipande cha saruji, akakigeuza upande mweusi. "Ungeniambia ni oili, ningekukatalia. Ningekukasirikia wiki moja. Sasa nimekukasirikia hivi, na mashine haingurumi."

"Nisamehe, Konsolata."

"Chimba," akasema. Lakini alikaa, na vipande alivyotoa Polycarp akawa anavizoa yeye kwenye karai.

Afisa alikuja katikati ya hayo, kwa Landrova, bila taarifa, katika vumbi. Alisimama ukingoni, na viatu, akatazama pete za nondo, akatazama mifereji iliyochimbwa sakafu nzima, akatazama mtu mzima aliyekaa chini na tindo. Polycarp alimwambia shikamoo ingawa walikuwa rika moja. Akamweleza yote, hakupunguza kitu. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alisema aliwahi kumwona akicheza Dar, akiwa mwanafunzi wa chuo, kisha akasema kwa mwaka huu haiwezekani. Landrova ikageuza. Minza alikuwa na nyundo mkononi, na inajulikana Landrova ile ilikuwa na bahati.

Kwa hiyo Morogoro hawakwenda. Lililobaki lilikuwa mifereji. Oili ilikwisha, harufu ilikwisha. Konsolata alianika debe la mpunga wake juani, akaukoboa, akaupika, akaula peke yake chumbani mlango umefungwa, akatoka akisema ni mchele. Ila sakafu yenye mifereji haifai kuanikia. Nusu ya mpunga wa mtu utabaki humo, na wateja wa Ifakara wanaweza kusamehe lori lakini hawasamehi punje. Polycarp alimwambia atatafuta kibarua kule kwenye mashamba makubwa ya Mngeta, arudi azibe. Konsolata akamwuliza huko Mngeta watampa jembe la mpini upi.

Kesho yake Omega akaja anakokota baiskeli, na juu ya keria mfuko wa saruji umelala kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Nyuma yake Makoye, aliyekuja mjini kumsalimia binti yake, akiwa ameusukuma tangu dukani, shati zima jeupe kwa saruji. Polycarp akauliza nani kanunua. Omega akaanza kuhesabu mawingu.

Wakachanganya. Wasichana walichota maji, Minza alikoroga, Polycarp akajaza mfereji wa kwanza kwa mwiko, akausawazisha. Akainuka kidogo, kadiri goti lilivyomruhusu, akautazama. Saruji ya zamani ilikuwa imefubaa kwa miaka ya pumba na nyayo. Hii mpya ilikaa katikati yake imenyooka, imepauka, na ingezidi kupauka ikikauka. Haina harufu. Haifagiliki. Haitatoka pale mpaka sakafu yenyewe itoke. Aliona, akashtuka, akamgeukia mwenye sakafu aliyekuwa amekaa juu ya mizani na ungo wake.

"Konsolata, hii itaonekana. Itabaki mistari."

"Ninajua saruji mpya inavyokauka. Nilikuwepo ilipomwagwa ya kwanza." Hakuinua macho kwenye maharage. "Wewe angalia vipimo vyako. Kama ulikosea mahali, useme sasa hivi ikiwa mbichi, kwa sababu sinunui mfuko wa pili, Poli."

Hakuna mtu aliyemwita hivyo tangu mama yake. Akapiga tena magoti juu ya lile gunia, akavuta kamba, akapima duara upya kutoka katikati, mara mbili, huku Minza akimshikia ncha.

Mfuko wa saruji Ifakara, mwaka ule, ulikuwa shilingi elfu tano na mia mbili, na mashine ya Konsolata ilikuwa bado haina mteja.